Saini Niliyoitia Kabla ya Alama

Ninyi mlioingia kazini mwaka huu, mlio na namba mpya za serikali ambazo bado mnazikariri kama mashairi ya shule, kila tukikutana mnaniuliza swali lile lile. "Papa Ngoy, uliacha kazi juu ya nini, na ungali na nguvu?" Mnaniona natembea kwa miguu kutoka Katuba hadi mjini, meno yote yamo, mvi za kuhesabu. Wengine wenu mnaamini nilifukuzwa. Wengine mmesikia kwamba nilikosa cheo, nikapiga rufaa, nikashindwa, nikaondoka na hasira. Ya kukosa cheo ni kweli, na ya kushindwa pia. Hasira nilikuwa nayo, ila sikujua nimkasirikie nani, na hata leo nikilisimulia jambo lenyewe napotea katikati. Basi msije mkadai niwaambie mwishoni nani alikosa. Nitawaambia tu yaliyotokea.

Kwanza kazi, maana ninyi mmekuta mizani ya betri inayoandika namba yenyewe. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nilibeba sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia gramu hamsini hadi kilo tano, kila jiwe katika shimo lake, na mkanda wa ngozi begani. Miaka ishirini na sita, bega lile lile. Leo bega la kulia limeshuka chini ya la kushoto, na mke wangu anasema nikisimama mlangoni nafanana na mizani ambayo mimi mwenyewe ningeikataza sokoni.

Nilizunguka. Kasenga kwa wauza samaki, Mokambo kwa unga unaovuka mpaka, Kambove kwa wachimbaji wenye mizani ya kuning'iniza. Nililala juu ya magunia ya mahindi, nikala nilichokikuta, nikajua madereva kwa majina ya watoto wao. Nikikaa Lubumbashi wiki mbili nilianza kugombana na viti. Hilo mlishike, maana litarudi.

Aliyenifundisha ni Papa Kalenga. Alikuwa mtu wa kaskazini, baba yake alifanya kazi ya reli, na yeye alikuwa na subira ya mtu aliyekulia stesheni. Safari yangu ya kwanza Kasenga, nikiwa na diploma yangu ya shule ya sekondari na shati lililopigwa pasi, niliweka jiwe la kilo mbili kwenye mizani ya mama mmoja mwuza samaki. Sindano ikapita kilo mbili. Nikapaza sauti ili soko zima lisikie.

"Mama, hii mizani yako inaiba!"

"Inaiba nani?" akauliza yule mama, bila hata kuacha kupanga samaki wake.

"Inaiba bantu!"

"Ngoy," akasema Papa Kalenga taratibu nyuma yangu, "angalia magoti yako."

Nikaangalia. Goti moja limekunjwa, jingine limenyooka. Tulikuwa tumesimama kwenye mteremko unaoshuka mtoni, na mizani imeinama pamoja nasi.

"Mizani iko sawa, mwanangu. Ni ile mutelemuko njo inaiba."

Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. "Papa, uyu mutoto munamutosha wapi? Mumurudishe ku masomo, akamalizie!" Kisha akachagua samaki mdogo kuliko wote, akampima mara mbili mbele ya macho yangu, akanipa niende naye.

Tangu siku hiyo nilitembea na kipande cha ubao. Weka ubao, usawazishe kwa vijiti, ndipo uweke mizani. Igonge kidogo kwa kidole, sindano irudi pale pale. Jiwe liwe katikati, kisha pembe zote nne, maana mizani nyingine husema kweli katikati na kusema uongo pembeni. Mizani ya springi usiipime saa za jua kali. Na jiwe la kwanza mpe mwenye mizani aliweke mwenyewe. Akiliweka kwa mkono wake hatakubishia sana.

Ingawa wengine hubisha hata hivyo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa maharagwe, mtu wa Butembo, mwenye duka kubwa la jumla hapa mjini, mkristo sana, kila asubuhi anaomba na wafanyakazi wake kabla ya kufungua. Nilimkuta baskuli yake, ile mizani kubwa ya magunia, inawapa wateja zaidi. Kila gunia lilitoka na maharagwe ya bure. Nilipomwambia alikasirika kana kwamba nimemshika anaiba. "Nani amenifanyia hivi?" Akawapanga wafanyakazi mstari mmoja, akaanza kuwahoji. Nikapiga magoti, nikaangalia chini ya sahani. Kulikuwa na msumari ulioingizwa kwa nyundo, unazuia mkono wa mizani usishuke vizuri. Mmoja wa wafanyakazi akasema kwa woga, "Patron, shi ni weye ulipigapo ule musumari, siku ya kufungia bashi ku baskuli, ile turubai ya mvua?" Yule bwana akautazama ule msumari. Halafu akaniuliza kama nina hakika na mawe yangu.

Nilimcheka njia nzima. Zamu yangu ilikuwa bado haijafika.

Orodha ya vyeo ilibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, kazini kumi na minane, na kila mtu aliyesikia kwamba kiti cha mkuu wa biro ya mizani, ofisi yetu, kimebaki wazi alinitazama mimi. Nilikuwa mkubwa kuliko wote kwa miaka ya kazi. Nyumbani watoto walikuwa watano, wawili wanakaribia chuo kikuu, na mke wangu alikwishawaambia dada zake. Mimi nilikuwa nimenunua kalamu.

Nikasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina lililoandikwa mbele ya kiti kile lilikuwa la Beatrice. Beatrice aliingia kazini miaka minane baada yangu, na ni mimi niliyemfundisha habari ya ubao na vijiti.

"Soma tena, Ngoy," mmoja akanitania, "pengine uko kule nyuma!" Na kwa kweli akaifunua karatasi pembeni, akachungulia upande wa pili. "Hapana, huku iko ukuta tu."

"Labda banamuandika na wino ya ndimu," mwingine akasema. "Tulete moto, atatokea."

Nikacheka nao. Ukicheka nao wanachoka haraka. Beatrice akanifuata uani, akaniita yaya, yaani kaka, kama siku zote.

"Yaya Ngoy, miye sikuomba kintu. Najua jina yako njo ilikuwa ya kwanza mu vichwa ya bantu yote."

"Haina neno."

"Iko neno. Fanya rekuru. Uko na haki."

Rekuru ndiyo rufaa, kama tunavyoiita huku. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana siku moja itawafaa. Kwanza tarehe. Rufaa ina muda wake, na muda unaanza siku orodha ilipobandikwa, hauanzi siku hasira yako ilipopoa. Pili, nakala tatu. Moja wanaibakisha, ya pili inagongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa na unaondoka nayo, ya tatu inakaa nyumbani mahali watoto hawafiki. Barua bila muhuri wa kupokelewa ni hadithi yako tu. Tatu, muulize jina yule aliyepokea, na uliandike mbele yake bila kumkunjia uso.

Na barua iwe fupi. Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa sita. Nilianza na baba yangu. Aliyeipunguza ni nani? Ni Beatrice. Alikaa nami mezani wakati wa mapumziko, na kalamu ile niliyoinunua kwa ajili ya kiti chake, akakata.

"Ii ya mvua ya Kasenga, tosha. Ii ya bega, tosha. Ii ya Papa yako ku reli—"

"Ni Papa wa Kalenga alikuwa ku reli. Wangu alikuwa ku mgodi."

"Tosha yote mbili. Yaya, uliza kintu moja tu: juu ya nini siko ku liste? Ukiuliza bintu kumi, batajibu ile moja iko rahisi."

"Na nikishinda? Watakunyang'anya kiti."

"Batatafuta kiti ingine. Serikali iko na viti mingi kuliko kazi."

Niambieni sasa, mtu wa namna hiyo unamwekea kinyongo vipi? Nilijaribu. Nilirudi nyumbani nikajilazimisha kumchukia hadi chakula cha jioni, nikashindwa. Ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, maana nilikuwa na dhuluma mkononi na sina mdhalimu.

Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Nikatumwa mlango wa tatu. Wa tatu wakanituma wa tano. Wa tano wakaniuliza kwa mshangao kama nimeshapita wa tatu. Mwezi ukaisha hivyo. Hatimaye mama wa kumbukumbu, aliyekuwa anatunza mafaili ya wafanyakazi wote, akanionea huruma, akafungua langu mezani.

"Papa, ona weye mwenyewe. Alama zako za miaka mitatu ya mwisho: Bon. Bon. Bon."

Alama za mfanyakazi wa serikali mnazijua, ni nne, kutoka juu hadi chini: Élite, Très Bon, Bon, Médiocre. Bon kwa Kifaransa ni nzuri, na mtoto akija nayo kutoka shule unamnunulia soda. Lakini kwenye karatasi ya serikali, Bon ni namna ya adabu ya kumwambia mtu abaki alipo. Kwa Bon hupandi cheo. Beatrice alikuwa na Très Bon tatu.

"Nani ameniandikia Bon?" nikauliza.

"Apa chini kuko saini ya shefu. Na ii ingine ni ya nani?"

Ilikuwa saini yangu. N kubwa, mkia mrefu. Kwa sheria, shefu, mkubwa aliye juu ya biro zote, anaandika alama, mfanyakazi anaisoma, anatia saini kwamba ameiona na hana neno. Karatasi zote tatu zilisema kwamba mimi, Ngoy, nimesoma Bon yangu na nimeridhika.

Mama wa kumbukumbu akanitazama kama mtu anayemtazama mwenye baskuli ya maharagwe.

Sasa niwaeleze desturi yetu sisi wa barabara, ambayo ninyi hamtaiamini. Karatasi za alama zilijazwa Januari. Januari ni mvua. Njia ya Kasenga inakuwa matope, lori linaondoka siku dereva anapoona anga limeng'aa kidogo, na ukiondoka hujui utarudi lini. Ukichelewa kutia saini, faili lako linakaa bila karatasi, na mwaka huo unahesabiwa kama hukufanya kazi. Kwa hiyo tulikuwa tunatia saini mbele. Karatasi tupu. Tunamwachia karani wa biro, anazihifadhi kwenye bahasha, Januari ikifika zinajazwa. Mimi nilikuwa nazitia saini tano kwa mpigo, juu ya kifuniko cha sanduku langu, dereva akiwa anapiga honi. Wote tulifanya hivyo na hakuna aliyeona vibaya. Ilikuwa kama kumwachia jirani ufunguo.

Nikaenda kwa shefu. Nilikwenda na maneno yangu yamepangwa. Yeye akazishika zile nakala, akavaa miwani, akazisogeza dirishani.

"Saini ni yangu," akasema. "Lakini hii Bon, mimi sikuiandika."

"Nani, basi?"

Akavua miwani. Nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. Shefu naye alikuwa anaitwa Kinshasa kwenye mikutano, Januari hasa. Shefu naye alikuwa na bahasha kwa karani.

Akasimama, akafunga mlango.

"Ngoy. Tusiisemeseme hii."

Fikirieni. Karatasi ina saini ya mkubwa na saini ya mdogo, na wote wawili walitia saini hewa. Katikati, palipokuwa peupe, alibaki mtu mmoja tu na kalamu yake.

Sikutaka kufikiri ni nani. Nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku ili nisafishe mawe, kazi inayonituliza. Ndani ya kifuniko kuna karatasi iliyobandikwa tangu kabla sijaingia kazini, orodha ya mawe kwa mkono: Boîte, yaani sanduku, namba yake, na uzito wa kila jiwe. Ile B haikufungwa chini. Tumbo lake limeachwa wazi, kama mfuko ulioshonwa ukasahauliwa. Miaka kumi na minane nilikuwa nafungua kifuniko kile kila asubuhi. Nikaweka nakala za mama wa kumbukumbu kando yake. B tatu, matumbo wazi.

Papa Kalenga. Orodha ile ni mkono wake, maana sanduku lilikuwa lake kabla ya kunipa mimi. Nyonga ilipomharibikia aliacha barabara, akafanywa karani wa biro. Bahasha ilikuwa kwake. Wakati huo alikuwa amestaafu miezi michache tu, na faili la pensheni yake lilikuwa jengo lile lile, linangoja saini ya mwisho.

Nikaenda Katuba siku ya Jumapili, baada ya misa. Nilimkuta uani amekaa, ananyoosha mguu. Nikamwonyesha. Aliangalia karatasi kama mtu anayeangalia picha ya zamani.

"Eeh," akasema. "Ni miye."

"Papa!"

"Ikala kwanza. Ukisimama vile naona unaenda tena." Nikakaa. "Unakumbuka ile kamio, lori ya samaki, ilizama, njia ya Kasenga? Siku mbili mu matope. Bantu bote banalia. Weye uko na viatu mu mukono, unakula samaki ya kuchoma, unaimba. Nilikuuliza: Ngoy, siku moja batakufanya shefu, utaikala ku biro. Unakumbuka ulijibu nini?"

Sikukumbuka.

"Ulisema: Papa, siku batanipa kiti, munizike nayo."

"Nilikuwa nacheka."

"Hapana. Miye nilikuangalia muzuri. Haukucheka."

"Papa, nilikuwa na miaka makumi mbili na ine!"

"Na sasa?"

Nikamwambia habari ya watoto watano, ya chuo kikuu, ya mke wangu na dada zake, ya kalamu. Alisikiliza yote, anasugua goti.

"Haukuniambia kama ulibadirika," akasema.

"Na weye, juu ya nini haukuniuliza?"

"Nikuulize? Uliniachia karatasi na saini yako. Kwangu ile njo ilikuwa jibu." Kisha akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kuweka ubao. "Ningeandika Élite, bangekukalisha. Ningeandika Médiocre, bangekufukuza. Niliandika Bon, uendelee kutembea. Kila Januari nilifikiri juu yako saa nzima, Ngoy. Ule shefu hakukufikiri hata dakika moja."

Nilitaka kumgombeza. Mdomo ulifunguka, halafu nikamwona ananyanyuka kwa shida, anaingia ndani. Akatoka na bahasha.

"Ilibakia moja. Ulitia saini tano. Ingine iliharibika, kahawa ilimwangika. Ii chukua. Ni yako."

Karatasi tupu. Saini ya shefu, saini yangu. Katikati kweupe.

Nilitembea kutoka Katuba hadi Ruashi siku ile, halafu nikarudi, na sikuwa na shughuli Ruashi. Nikajiambia ameniiba maisha. Nikapita barabara mbili, nikajiambia amenipa yale niliyoomba. Nikajiambia mtu huyu ni baba yangu wa kazi, na nikajiambia karani hana ruhusa ya kuwa baba wa mtu yeyote. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza, "Sasa, ni nani?" Nikamwambia bado natafuta.

Kamati ya rufaa ilikuwa watu watatu na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo, ya kukulazimisha usogee. Nilijua kitu kimoja: nikisema alama haikuandikwa na shefu, nikamtaja aliyeiandika, rufaa yangu inapita. Vilevile nilijua kwamba jina la Papa Kalenga likiandikwa pale, faili lake la pensheni linatolewa kwenye rundo la kusainiwa na kuwekwa kwenye rundo la uchunguzi, na rundo hilo huwa halipungui. Beatrice alikuwa amenisindikiza, amekaa kwenye benchi nje.

"Saini hii ni yako?" mwenyekiti akauliza.

"Ni yangu, Mama."

"Ulisoma alama kabla ya kutia saini?"

"Hapana. Nilitia saini kabla ya alama kuwapo."

Wale wawili wakaangaliana. "Karatasi tupu?"

"Tupu."

"Ulikuwa na haraka gani?"

"Kamio ilikuwa inaondoka, Mama."

Wale wawili wakacheka. Yeye hakucheka. "Na nani aliijaza?"

Niliangalia magoti yangu. Hamtaamini, lakini ndivyo, niliangalia kama nimesimama sawa.

"Sikuwapo," nikasema.

"Sikuuliza kama ulikuwapo. Nauliza kama unajua."

"Mama, mimi najua saini yangu tu."

Aliandika kwa muda mrefu. Nje Beatrice akauliza, "Umetaja Papa Kalenga?" Yeye alikuwa ameshafahamu, alikuwa amefanya kazi na bahasha ile ile. Nikatikisa kichwa. "Yaya," akasema, "weye uko mutu wa ovyo kabisa," akanishika mkono hadi barabarani.

Jibu lilikuja, lenye muhuri. Rufaa imekataliwa, kwa kuwa mfanyakazi aliziona alama zake na kuzikubali. Chini yake onyo kwangu kuhusu utunzaji wa nyaraka. Papa Kalenga alipata pensheni yake miezi michache baadaye. Aliila mwaka mmoja na nusu, akafariki. Hatukuzungumza tena habari ile. Nilikuwa nakwenda kumwona, tunaongea habari za njia, dereva gani amebadilisha lori. Labda alingoja nimshukuru. Labda nilingoja aniombe samahani.

Januari iliyofuata nilikuwa kwenye maegesho ya malori, sanduku begani, injini inanguruma. Pikipiki ikaja inarusha matope, na Beatrice nyuma yake, mkuu wa biro, ameshika faili chini ya koti la mvua.

"Soma kwanza!" akapiga kelele.

"Beatrice, kamio inaenda."

"Iende. Soma. Na usome na sauti."

Nikasoma kwa sauti, abiria wote juu ya magunia wakisikiliza: Élite. Wakapiga makofi bila kujua ni nini. Nikatia saini juu ya kifuniko cha sanduku, mvua ikidondokea mkia wa N. Alifanya hivyo kila mwaka. Huyo niliyemfundisha ubao aliponifundisha kusoma kwanza, nilikuwa nimeshazeeka katika kazi.

Na mwisho wake mnaujua nusu. Élite zilipokusanyika, jina langu likaonekana ukutani, upande wa mbele. Mkuu wa biro, Kambove. Meza, kiti cha magurudumu, dirisha linaloangalia barabara. Watoto walifurahi. Mke wangu alishona kitambaa cha kiti. Nilikaa miezi kumi na moja. Kila lori lililopita nilijua mzigo wake kwa kusikia springi. Wakaguzi wangu walirudi na matope viatuni, nami niliwahoji habari za njia kuliko habari za mizani, hadi wakaanza kunikwepa. Mwezi wa kumi na mbili niliandika barua ya kuacha kazi, nakala tatu, nikagonga muhuri mwenyewe.

Basi Papa Kalenga alikuwa sahihi? Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Kisha nafikiri: kama ningepewa kiti nikiwa na miaka thelathini na minane, badala ya arobaini na sita, labda ningejifunza kukaa. Mtu hujifunza mambo mengi. Labda zile Bon tatu ndizo zilizonifanya nisiweze. Hapo ndipo huwa napotea, na sitawadanganya kwamba nimetoka.

Ninyi, someni kabla ya kutia saini. Lori litarudi.

Sanduku walinipa nilipoondoka, maana hakuna aliyelihitaji. Lipo chini ya kitanda, na ndani ya kifuniko, pembeni ya ile B iliyo wazi, nimeweka karatasi ya mwisho. Saini ya shefu ipo, yangu ipo. Nimeshawahi kuitoa mara kadhaa, nikavuta kiti, nikashika ile kalamu, nikasema leo naijaza mwenyewe: huyu Ngoy, miaka hii yote, anastahili alama gani? Naandika tarehe moyoni. Nafikiri Élite, nafikiri Médiocre. Halafu miguu inaanza kunisumbua, nairudisha karatasi, navaa viatu, natoka.